Lavenham, Broadway au Clovelly: ukalale hoteli ipi ya kale?

Wageni wakitujia kutoka nyumbani, sisi tunaoishi Uingereza tuna ratiba moja: London siku tatu, picha mbele ya Big Ben, mizunguko ya Oxford Street, kisha wiki nzima wanakaa sebuleni wakitazama mvua dirishani. Mama yangu ndiye aliyenitoa katika mazoea hayo. Alipokuja mara ya pili aliniambia, "Mwanangu, maghorofa nimeshayaona. Nipeleke walikotoka hawa watu." Tangu siku ile nimempeleka vijijini yeye, baba yangu mdogo, na mwaka mmoja dada yangu pamoja na wanawe watatu. Sasa swali ninaloulizwa na jamaa na marafiki ni lile lile kila kiangazi: kati ya vile vijiji vizuri vya kwenye kalenda, tukalale wapi?

Nalinganisha mahali patatu ninapopajua: hoteli ya Swan katika kijiji cha Lavenham, Suffolk, Lygon Arms katika kijiji cha Broadway, kwenye vilima vya Cotswolds, na nyumba mbili za wageni za Clovelly, pwani ya kaskazini ya Devon, ziitwazo New Inn na Red Lion. Zote ziko ndani ya kijiji chenyewe, na zote zimekuwa zikipokea wasafiri tangu zama za farasi.

Kwanza neno "kijiji" lisikupotoshe. Kwetu mtu akisema anakwenda kijijini, tunaelewa gharama zinashuka. Hapa ni kinyume. Nyumba ndogo yenye paa la mawe na waridi mlangoni inaweza kuwa ghali kuliko fleti ya mjini, na chumba cha hoteli ya kale hukaribia bei ya hoteli nzuri ya London. Kwa hiyo kabla ya kulipa, jiulize unalipia nini hasa, maana kijiji chenyewe unaweza kukiona bure kwa safari ya siku moja.

Jibu langu ni kwamba unalipia jioni na alfajiri. Kuanzia saa nne asubuhi mabasi ya watalii hufika, vijia hujaa watu, foleni ya chai hutoka nje ya mlango. Ikifika saa kumi na moja jioni wanaondoka. Hapo kijiji hurudi kwa wenyewe, na kwa wageni wachache waliolala. Moshi wa kuni unapanda, kunguru wanarudi mitini, mzee anapita na mbwa wake na anakusalimia kwanza, jambo ambalo London halitokei. Ukitaka kujua hoteli ipi ikufae, anza na swali la jioni: unataka kuwa wapi jua likizama?

Lavenham: jengo lenyewe ndilo safari

Lavenham ilikuwa na pesa. Katika karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16 watu wake walifuma vitambaa vizito vya sufu, maarufu kwa rangi ya buluu, wakaviuza hadi ng'ambo. Mji huu mdogo ulifikia kulipa kodi kubwa kuliko miji kama York na Lincoln. Utajiri huo ndio uliosimamisha nyumba za mbao unazoziona leo, na kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo lenye mnara wa mita 43 unaochomoza mashambani kabla hujaiona nyumba hata moja.

Kisha wakimbizi wa Kiholanzi walipoanza kufuma Colchester kitambaa chepesi na cha bei nafuu, wanunuzi wakahama. Lavenham ikafukarika, na ufukara huo ndio uliouokoa. Miji mingine ilipobomoa nyumba za mbao na kujenga za matofali, watu wa hapa hawakuwa na uwezo. Walibaki na nyumba za babu zao, zikapinda, zikaegemeana, na sasa majengo zaidi ya 300 yanalindwa na sheria. Mtu wa Lamu hahitaji maelezo marefu juu ya hili. Biashara ilipohamia Mombasa na reli yake, Lamu ilibaki na mji wake mkongwe mkononi.

Swan imeundwa kwa nyumba kadhaa za namna hiyo zilizounganishwa, za zamani zaidi zikiwa za karne ya 15. Ukitembea korido unapanda vidato viwili, unashuka kimoja, unakata kona, na unahisi chini ya nyayo kwamba umetoka nyumba ya mtu mmoja ukaingia ya mwingine. Boriti ni za mwaloni, nyeusi, nene kama kiwiliwili cha mtu. Mimi niliyezoea boriti za mikoko, zile zinazofanya vyumba vya nyumba za kale za pwani yetu kuwa virefu na vyembamba kwa sababu mti haufiki mbali, nilisimama kitambo nikihesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Sakafu zimelala upande. Ukiweka chungwa chini, linakwenda zake. Mtu mrefu atainama kila mlango, na akisahau atakumbushwa.

Jambo lililomshika baba mdogo, ambaye ni mwanajeshi mstaafu, lilikuwa katika baa ya kale. Mwaka 1944 na 1945 kikosi cha 487 cha ndege za mabomu cha Marekani kilikuwa na kiwanja chake jirani na kijiji, na vijana wale walikuja hapa jioni. Waliandika majina yao ukutani, na saini hizo zimehifadhiwa. Kutoka kiwanja hicho, asubuhi ya tarehe 24 Desemba 1944, aliruka Jenerali Frederick Castle. Ndege yake ikadunguliwa juu ya Ubelgiji, naye akapewa baada ya kufa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya nchi yake. Baba mdogo alisoma majina yale moja moja, kimya, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Hanywi pombe na hapendi baa, lakini pale alikaa saa nzima na chai yake.

Nje ya hoteli ni mwendo mfupi hadi uwanja wa soko, lilipo jumba la chama cha kidini cha Corpus Christi lililojengwa yapata mwaka 1530. Baadaye lilikuwa jela, kisha nyumba ya kuhifadhia maskini, na sasa ni makumbusho. Kijiji kimekaa juu ya kilima kidogo, kwa hiyo kuna mteremko, lakini si wa kumtisha mzee anayetembea taratibu.

Broadway: starehe kwanza, historia pembeni

Broadway ni mawe. Mawe ya Cotswolds yana rangi ya asali, na jua la jioni likiyagusa, mtaa mzima unawaka kana kwamba una taa ndani. Sisemi hivi kwa kupamba. Mchoraji John Singer Sargent alikaa hapa mwaka 1885 na 1886 akichora wasichana wawili wakiwasha taa za karatasi bustanini, na kwa sababu alitaka ule mwanga wa magharibi tu, alikuwa akifanya kazi dakika chache kila jioni, kisha anaweka brashi chini mpaka kesho. Picha hiyo ipo Tate Britain, London. Ukiwa na nafasi, kaione kabla ya safari. Utajua kwa nini nasisitiza kulala.

Lygon Arms ilikuwa kituo cha magari ya farasi kwenye njia ya London hadi Worcester. Kabla ya kupanda kilima cha Fish Hill, au baada ya kukishuka, farasi walibadilishwa na abiria wakala. Mlango wake wa mawe una mwaka 1620. Husimuliwa kwamba Mfalme Charles wa Kwanza alikutana hapa na wafuasi wake, na kwamba adui yake Oliver Cromwell alilala hapa kabla ya vita vya Worcester vya Septemba 1651. Hoteli moja kuwapokea wote wawili ni jambo la kumfanya mtu afikiri kuhusu biashara ya wageni. Reli zilipokuja katikati ya karne ya 19 magari ya farasi yakafa, na Broadway ikalala usingizi hadi wasanii walipoigundua.

Kipande cha historia ninachokipenda zaidi ni cha fanicha. Mwaka 1904 baba yake Gordon Russell aliinunua hoteli hii. Kijana Gordon alianza kwa kusimamia ukarabati wa viti na meza za kale za hoteli, akajifunza jinsi mafundi wa zamani walivyounganisha mbao, na akaishia kuwa miongoni mwa wabunifu wakubwa wa samani wa Uingereza. Makumbusho yake yapo hapo hapo kijijini. Dada yangu, ambaye mumewe ni fundi seremala, alikaa mle kuliko madukani.

Kwa starehe, hii ndiyo ya juu kati ya tatu: kuna bwawa la kuogelea la ndani, mahali pa kukandwa mwili, mabustani, meko kila ukumbi. Pia ndiyo inayouma mfukoni. Barabara kuu ya kijiji ni pana na tambarare, na mnara wa Broadway, uliokamilika mwaka 1798, uko juu kilimani kwa wenye magoti mazima. Zaidi ya hapo sina mengi. Ni pahali pazuri pa kupumzika, lakini ukifunga mlango wa chumba unaweza kusahau uko kijiji gani. Lavenham huwezi kusahau.

Clovelly: bahari, punda na mteremko

Clovelly haina magari, ambayo haiwezi kuwa nayo hata ikitaka. Kijiji ni mtaa mmoja wa mawe madogo ya ufukweni, unaoporomoka yapata mita 120 kutoka juu ya jabali hadi bandarini. Zamani punda ndio waliobeba samaki kupanda na bidhaa kushuka. Leo wapo kwa ajili ya watoto, na mizigo huburuzwa juu ya mawe kwa sleji, vitoroli vya mbao visivyo na magurudumu: chakula, mashine za kufulia, sofa, kila kitu. Sauti ya sleji ikikwaruza alfajiri ndiyo saa ya kuamkia ya kijiji. Watoto wa dada yangu, waliokuwa wamenuna njia nzima, walipoona sleji ikiteremka na masanduku yetu walisahau simu zao.

Kijiji chote ni mali ya familia moja tangu mwaka 1738. Nyumba haziuzwi. Watu wanapanga na lazima waishi humo, ndiyo sababu usiku madirisha yana taa, tofauti na vijiji vingi vya pwani ya Uingereza ambavyo nyumba zake ni za matajiri wanaokuja wiki mbili kwa mwaka. Wageni wa mchana hulipa kiingilio kinachosaidia matengenezo. Nyumba nyingi zina herufi CH na mwaka. Ni alama ya Christine Hamlyn, mwenye kijiji aliyezikarabati mwanzoni mwa karne ya 20.

Kuna mahali pawili pa kulala, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha. New Inn iko katikati ya mtaa, juu ya mteremko. Unafungua dirisha na kijiji kiko chini ya kidevu chako. Red Lion iko bandarini kabisa, mawimbi yakigonga ukuta wa gati lililoanza karne ya 14. Mwenye miguu mibovu asidhani New Inn ni rahisi kwa kuwa ni njia fupi. Barabara ya nyuma ya magari inafika bandarini, si katikati ya mtaa, kwa hiyo mzee anaweza kufikishwa Red Lion kwa gari, lakini New Inn lazima atembee juu ya mawe.

Mimi ningechagua Red Lion, na sababu ni bamvua. Mlango wa Bristol, yaani bahari iliyo mbele ya kijiji hiki, una maji kujaa na kupwa makubwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Asubuhi mashua zimelala ubavu kwenye tope. Ukimaliza chai zinaelea. Mtu aliyekulia Tanga au Pemba anaweza kukaa dirishani siku nzima bila kuchoka, na wavuvi wa hapa, waliokuwa wakiishi kwa samaki aina ya heringi, wanaielewa bahari kwa namna ambayo hutahitaji mkalimani. Mwezi wa Novemba wanafanya sherehe ya heringi: huwachoma, huwakausha kwa moshi, huwatia siki. Ukienda wakati huo vaa koti zito, kaa karibu na moto, kula kwa mkono.

Kufika

Hakuna hata kimoja chenye kituo cha reli ya kawaida. Lavenham: treni kutoka Liverpool Street, badili Marks Tey, shuka Sudbury, kisha basi au teksi kama kilomita 11. Mabasi huisha mapema jioni, na Jumapili usiyategemee. Broadway: treni kutoka Paddington hadi Moreton-in-Marsh, saa moja na nusu hivi, kisha teksi. Treni ya moshi ya watalii imerudi Broadway tangu 2018, nzuri kwa watoto, lakini si ya kukutoa London. Clovelly ni mbali kweli: Paddington hadi Exeter, treni ndogo hadi Barnstaple, halafu basi kupitia Bideford. Usiende kwa usiku mmoja. Njia yote ile kwa usiku mmoja ni kujitesa, na mtoto wa mwisho wa dada yangu alinifundisha hilo kwa kulia kuanzia Exeter.

Ngazi, baridi na mlango mwembamba

Hapa ndipo watu wetu wanapokosea, nami nimekosea. Kuna hoteli moja ya kale, siyo kati ya hizi, nilimpeleka Mama nikiwa nimeona picha ya kitanda tu. Chumba kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, ngazi za kujipinda kama za mnara, lifti hakuna. Mama alipanda mara moja, akakataa kushuka kula chakula cha jioni. Tulikula biskuti chumbani. Sikulala usiku ule kwa aibu.

Jengo linalolindwa na sheria haliruhusiwi kubadilishwa hivi hivi. Mwenye hoteli hawezi kutoboa dari aweke lifti, wala kung'oa madirisha ya kale aweke ya vioo viwili, bila kibali. Ngazi na upepo dirishani ni sehemu ya unachonunua. Ila hoteli nyingi za namna hii zina sehemu ya kale na sehemu mpya nyuma au uani. Sehemu mpya ina chumba kikubwa, bafu la kisasa, mlango mpana. Ya kale ina boriti. Tovuti inaweza kukuonyesha picha ya boriti na kukuuzia chumba cha uani, au kinyume. Piga simu useme wazi: nataka chumba cha chini, au nataka chumba cha jengo la kale, na waandike kwenye uthibitisho. Uliza pia kama kitanda kiko juu ya baa, maana Ijumaa kelele hupanda hadi saa tano usiku.

Chakula, swala, bei

Nyama halali usiitarajie katika hoteli yoyote kati ya hizi bila kuuliza mapema. Samaki na vyakula visivyo na nyama vipo kila mahali, na Clovelly ndiko samaki wanakotoka karibu zaidi. Asubuhi nyama ya nguruwe huwekwa sahanini bila kuulizwa. Sema usiku uliotangulia, utaletewa mayai, uyoga, nyanya na maharage, na jiko la hoteli nzuri litatumia kikaango kingine ukiomba kwa upole. Kibla ni kusini-mashariki. Kumbuka saa za mwanga: Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, Desemba giza huanza kuingia saa kumi jioni. Anayetaka jioni ndefu ya kutembea aende Mei hadi Julai. Anayetaka meko na blanketi aende Novemba.

Kwa bei, Broadway ndiyo ya juu, Lavenham inafuata, Clovelly ni nafuu zaidi kwa chumba lakini nauli inakula ile nafuu. Usiku wa Jumapili hadi Alhamisi kwa kawaida ni rahisi kuliko Ijumaa na Jumamosi, Januari na Februari kuliko Agosti. Kama mgeni bado anasubiri viza, lipia bei inayoruhusu kughairi hata kama ni kubwa kidogo.

Kwa hiyo mwenye watoto nampeleka Clovelly, siku tatu, Red Lion. Maharusi, au mtu aliyechoka na zamu za usiku hospitalini anayetaka kulala na kuogelea, Broadway. Anayekuja mara moja tu maishani na anataka kuishika Uingereza ya kale kwa mkono, Lavenham, hata kama marafiki zake wote wamemwambia Cotswolds.

Mama anakuja tena Juni. Nimeshapiga simu Swan, nimeomba chumba cha chini, usiku wa Jumapili na wa Jumatatu. Kengele kubwa ya kanisa la pale ilisubuliwa mwaka 1625 na Miles Graye, na wapenzi wa kengele husema hakuna yenye sauti tamu kuliko hiyo Uingereza nzima. Mara iliyopita tuliondoka mchana, kabla haijalia.